Kibanio Chekundu cha Dada

Dada yangu mkubwa aliitwa Mama Vibanio na mafundi wa kiwanda cha sabuni, na jina hilo likamganda kuliko alilopewa na wazazi. Hakukasirika. Alisema ni afadhali mtu aitwe kwa kazi yake kuliko kwa pua yake, na pua alikuwa nayo kweli, sote tuliirithi kwa Baba.

Mimi nilikuwa mpishi kwenye kantini ya kiwanda hicho hicho. Dirisha la jiko langu lilitazamana na chumba cha mipango, kwa hiyo nikimenya viazi huku niliona yote ya kule. Kilikuwa chumba kirefu, rangi ya kuta imebabuka kwa mvuke, na kamba ya kuanikia nguo imekatiza kutoka pembe hadi pembe. Kwenye kamba hiyo Dada alibana kadi alizokata kwenye makasha mabovu ya sabuni. Kila kadi ilikuwa kazi moja: kumwaga tangi, kuosha bomba, kuchomelea, kujaribu kwa maji. Ukiingia mle ulidhani umeingia nyumba ya watoto wengi siku ya kufua.

Mipango yake aliianza mkiani. Kwanza alibana kadi ya siku ya kuwasha mitambo, kule mwisho karibu na dirisha, kisha akarudi nyuma kadi kwa kadi, akimuuliza kila fundi, "Wewe ukifika hapa, unataka nani awe ameshaondoka?" Mwanzoni walimcheka, wakasema huyu mama anatembea kama kaa. Lakini walipoona kwamba mchomeleaji hamkuti tena fundi rangi ameshamaliza kupaka, kicheko kikapungua, wakaanza kuja wenyewe na majibu mdomoni.

Sasa, vibanio vya kawaida vilikuwa vya mbao. Vyekundu vilikuwa jambo lingine. Fundi yeyote kabla hajaingia ndani ya tangi au kulifungua bomba alikuja kwanza chumbani akabana kibanio chekundu kwenye kadi yake. Kikiwa hapo, hakuna kugusa koki, hakuna kuwasha. Na sheria ilikuwa moja tu: kibanio chekundu hutolewa na aliyekiweka. Si rafiki yake, si bosi wake, si Dada mwenyewe.

Wengi walidhani ameisoma mahali. Hakuisoma. Ilitoka nyumbani kwetu, kwenye kiti cha Baba kilichokuwa karibu na mlango.

Baba alifanya kazi pale pale sisi tukiwa wadogo. Siku moja aliingia kuosha bomba la soda kali, ile dawa inayochemshwa na mafuta mpaka yanakuwa sabuni, na kwenye koki alining'iniza kibao cha kusema isifunguliwe. Mwenzake akapita, akakiona kibao, akadhani ni cha jana kimesahauliwa. Akakitoa, akafungua. Baba hakuona tena tangu siku ile. Yule mwenzake hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Mpaka anakufa alikuja kwetu kila wiki kumsomea Baba magazeti, na Baba alimpokea na kumwambia asogeze kiti. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kusameheana, lakini somo lenyewe nililiona sebuleni kwetu.

Basi ukaja mwaka wa tangi jipya. Lile la zamani la soda lilikuwa limechoka, linavuja jasho kwenye viungo, na kiwanda kiliamua kujenga jingine kubwa na mabomba yake yote. Dada akapewa asimamie. Na meneja, mtu mpole ila mwenye presha ya wakubwa wake, alimwambia waziwazi kwamba tangi likiwashwa asubuhi iliyopangwa, jengo jipya la sabuni ya unga litakuwa mikononi mwake kuanzia msingi. Dada hakulala vizuri kwa furaha. Jengo zima, mwanamke aliyeanza kwa kufagia stoo. Alikuwa akinieleza jinsi atakavyoipanga kamba yake mpaka ninasinzia na yeye anaendelea.

Kazi ilikwenda kama maji. Asubuhi ya kuwasha ikafika, wakubwa wakaja na viatu vya kung'aa, mimi nikawaandalia chai na maandazi. Mafundi walipita chumbani mmoja mmoja, kila mtu akatoa chake chekundu akakitia kwenye kopo. Kamba ikabaki na kadi tupu.

Isipokuwa moja. Ilikuwa ya fundi bomba tuliyemwita Chapuchapu, kwa sababu ya mdomo wake, si mikono. Kibanio chake kilikuwa pale pale, na mwenyewe hayupo.

Mlinzi akasema alimwona akitoka mbio alfajiri na glavu za kiwanda mkononi. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, wamempeleka hospitali ya mbali. Simu za mkononi hazikuwepo wakati ule. Dada akaomba gari liende kumchukua.

Meneja akawatuma wengine wakague bomba la Chapuchapu. Wakakagua, wakarudi wakasema ni zima. Akamwambia Dada kwa sauti ya chini, lakini dirisha langu lilikuwa wazi:

"Mama, kazi imeisha. Toa hicho kibanio tuwashe."

"Si changu, bosi."

"Wewe ndiye uliyeitunga hiyo sheria."

"Niliitunga na mimi nikiwa ndani yake."

Meneja akamkumbusha jengo jipya. Hakumtisha, alimkumbusha tu, na nadhani hilo liliuma zaidi. Mchomeleaji mmoja akajaribu kuleta utani, akasema kama ni kutoa kibanio tu basi mbuzi apitishwe pale akile kile kibanio, lawama ziwe za mbuzi. Wakacheka. Dada hakucheka. Alisogeza kiti chake akakaa chini ya ile kadi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, na sikujua nimwombe Mungu nini. Nikisema bomba liwe na kasoro, ni kuwaombea watu mabaya. Nikisema lisiwe nayo, Dada ataonekana mjinga.

Chai ikapoa. Wakubwa wakaondoka. Jua lilikuwa linateremka gari liliporudi na Chapuchapu, shati limechanika kwapani, anacheka peke yake kwa sababu amepata mapacha. Akaambiwa. Akashika kichwa. Akakimbia kwenda kuliangalia bomba lake, akarudi, akasimama mbele ya kadi.

"Nilimaliza, Mama," akasema. "Nilimaliza jana usiku. Nilisahau tu kukitoa."

Hakukuwa na chochote ndani ya lile bomba. Ningependa niwaandikie kwamba kilikutwa kitu, spana iliyosahauliwa au koki iliyolegea, watu wote wakanyamaza kwa aibu. Hapana. Siku nzima ilipotea kwa kusahau kwa mtu. Dada akamwambia akitoe. Akakitoa, akakitia kwenye kopo, na Dada akampa pongezi za mapacha, kisha akaenda kumwambia meneja kwamba sasa wanaweza kuwasha.

Nyumbani habari zilikuwa zimetangulia. Baba alikuwa kitini kwake, uso umeelekea mlangoni. Alizitambua hatua zetu.

"Aliyekiweka ndiye aliyekitoa?" akauliza.

"Ndiye, Baba."

Akapapasa mkono wa kiti. Kisha akasema, "Basi njoo ukae, mama, umechoka." Yeye hakuwa na desturi ya kumwita Dada mama. Dada akakaa sakafuni karibu na miguu yake, na hapo ndipo akalia.

Jengo jipya akapewa mwingine, kijana mzuri tu, mwenye mipango yake ya ukutani. Dada akarudishwa stoo, safari hii kama mkuu wake. Hakunung'unika, ila kwa muda hakupita penye kiwanja cha jengo lile, alizunguka nyuma ya kantini. Lakini msingi ulipoanza kuchimbwa, mafundi walianza kuja stoo mmoja mmoja kuomba vibanio vyekundu. Kila mmoja alidai mkewe ana nguo za kuanika. Chapuchapu alisema ni nepi za mapacha, na aliendelea kusema hivyo hata wale watoto walipokuwa wameshaanza shule.

Miaka imekwenda. Baba amepumzika, na Dada magoti yamemshinda, anaishi kwa mwanawe mbali na hapa. Asubuhi aliyoondoka nilikuwa nafunga mizigo, sikumwona alipotoka uani. Gari lilipokwisha kupita kona nilikwenda kuanua nguo, nikakuta kwenye kamba yetu kibanio chekundu kimebanwa mahali pasipo na nguo.

Wajukuu wangu wamekitaka mara nyingi, kinawapendeza rangi. Nawaambia kina mwenyewe. Jua limekipausha sasa, kimekuwa rangi ya waridi, na nikianika mashuka nayagawa, mengine upande huu, mengine upande ule.