Kinga za Zamani na Sauti ya Mwalimu wa Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya kompyuta ya chuo kimoja mjini Moshi, Mkuu wa Karakana hakunionyesha kompyuta hata moja. Alinionyesha kabati la sidii. "Dada Zubeda," akasema, "toleo jipya likija, la zamani usilitupe. Mashine za wateja wetu wa mlimani haziendi na fasheni."

Nyie vijana mmezoea programu zinazojisasisha zenyewe mkiwa mmelala. Sisi kinga dhidi ya virusi tulizipata bure mtandaoni, na watengenezaji wakitoa toleo jipya, lililotangulia huliondoa. Jipya linakuja zito, linadai kumbukumbu kubwa, kompyuta kongwe inalikataa katakata. Basi kila toleo tulilihifadhi pamoja na faili lake la utambuzi, yaani lile linaloifundisha kinga sura za virusi. Juu ya sidii tunaandika linafaa mashine ya namna gani. Sharti lilikuwa moja, nami nililishika kama swala: mashine yenye kinga ya zamani haigusi intaneti. Kinga iliyozeeka haivijui virusi vya leo, msije mkasema bibi aliwadanganya.

Mzee yule akastaafu, akaja Mkuu wa Kitengo, kijana wa haraka haraka. Mtu mwema, lakini kila ugonjwa dawa yake ilikuwa fomati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya. Kabati langu aliliita jalala. Tuliishi kwa utani hivyo hivyo mpaka siku alipoingia mjane mmoja kutoka Masama, Mama Eliya, kompyuta yake imefungwa kwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Humu yumo mume wangu."

Marehemu alikuwa mwalimu wa kwaya. Mazoezi yote aliyarekodi humo, na nakala nyingine haikuwepo. Flashi ya mtu ikaleta kirusi cha miaka mingi, kinachoficha mafaili na kuacha alama za uongo mahali pake. Ukibofya, unazidi kukisambaza. Diski yenyewe ya kizamani, waya zake haziingii kwenye mashine zetu mpya. Mkuu wa Kitengo akajaribu kinga mpya, kompyuta ikagoma.

"Tupige fomati tu," akasema.

Mama wa watu hakujua fomati ni nini, akatikisa kichwa kukubali. Mimi damu ilinichemka. Nikamshika bosi wangu mkono. "Thubutu! Unataka kumzika mzee wa watu mara ya pili?"

Akanipisha kiti. Nikatafuta toleo linalolingana na mashine ile, nikaingiza sidii. Ilikwaruza, ikasita, nami nikawa naomba dua kimoyomoyo. Kinga ikapita faili kwa faili, ikakinasa kirusi. Nikayafichua mafaili, yote yakatokea.

Nimestaafu sasa, nipo nyumbani na wajukuu. Mkiniuliza kazi hii niliipendea nini, sitawaambia habari za mashine. Nitawaambia juu ya sauti ya mwanamume iliyotoka kwenye spika zetu mbovu, yenye ukali wa mtu anayependa watu wake: "Sauti ya pili, mmelala? Mama Eliya, na wewe pia! Haya, tunarudia."

Mama Eliya akasimama wima mbele ya meza yangu, akafuta macho, akaimba.