Dada wa Mashine ya Juisi

Kaa hapo kidogo, nikuambie nilichokiona juzi stendi ya Tunduma.

Nilikuwa nasubiri juisi kwenye ile mashine inayokamua machungwa yenyewe. Dada anayeitunza alikuwa ameifungua yote, anasugua chujio kwa brashi na maji ya moto. Simu ikalia. Akaiweka spika. Ni kaka yake, yuko hospitali Vwawa anamuuguza mama yao. "Mama anakuita. Njoo sasa hivi."

Nikamwambia, "Dada, nenda bwana, mimi nitamalizia."

Akatikisa kichwa, mkono unasugua tu. "Hujui pa kupitisha brashi, mdogo wangu. Mabaki yakichacha humu, bosi atauza hivyohivyo. Wiki iliyopita mtoto wa mteja kaharisha. Dakika kumi tu."

Bodaboda mmoja akacheka: "Sista, unasugua kama sufuria ya harusi!"

Alikuwa anafunga kifuniko simu ilipolia tena. Akasikiliza, akasema "haya", akafuta bomba polepole, halafu akakaa juu ya kreti la machungwa. Mama alishafariki.

Muuza karanga akaninong'oneza, "Huyu hana uchungu." Mimi nilikuwa naangalia ile mikono, bado imeshika brashi.

Haya, ungekuwa wewe, mashine iko wazi na mama anakuita, ungefanyaje?