Ndoo ya Hamdhoon

Mume wangu alikuwa mtu wa kutapika. Nalisema mapema kwa sababu kisiwani kwetu hakuna asiyelijua, na mkija kuuliza habari za Hamdhoon hilo ndilo mtakaloambiwa kwanza, tena kwa kicheko. Mtu amezaliwa Maldivi, kwenye kisiwa ambacho ukipiga chafya ufukwe huu unaombewa heri ufukwe wa pili, halafu bahari haimtaki! Baba yake alikuwa mvuvi wa jodari. Siku ya kwanza alipompandisha chomboni, kijana akatapika ndani ya tundu la dagaa wa chambo, dagaa wote wakafa. Mzee hakugomba. Alimrudisha gatini, akamwambia mkewe, "Huyu mfundishe kupika."

Hata pembea ilimshinda. Kwetu kila baraza ina pembea, kitanda cha mbao kinachoning'inia kwa minyororo, na mgeni wa heshima hukalishwa hapo. Siku aliyokuja kuniposa, mama yangu akamkalisha, akawa anamsukuma polepole huku anamhoji habari za ukoo. Nikamwona Hamdhoon anabadilika rangi. Akaomba radhi, akapotelea nyuma ya nyumba, na sote tukasikia kinachoendelea huko.

Mama akanigeukia. "Zeena, huyu bwana ana mimba?"

"Mama, ndivyo alivyo. Kitu kikiyumba tu, tumbo lake linageuka."

"Haya. Basi utalala naye kitanda cha miguu."

Nikaolewa naye. Nilimpenda, mnataka niseme nini? Alikuwa na kicheko kizuri, na akiwa nchi kavu hakuna aliyekuwa na afya kumshinda.

Kazi aliyopata ilikuwa ya kubeba mitungi ya hewa kwenye boti ya Nahodha Sobah, anayepeleka watalii kuzamia. Watu walimcheka wakachoka. Asubuhi anabeba mitungi, wakifika nje ya mwamba anainama pembeni anatapika, kisha anafuta mdomo na kuendelea kubeba. Sobah akamnunulia ndoo nyekundu, akaandika jina lake kwa rangi nyeupe, akaifunga nyuma ya boti kwa kamba. Toka hapo hakuwa Hamdhoon tena. Akawa Bwana Ndoo.

Siku moja mwalimu wa kuzamia alimhurumia, akamvika mtungi, akashuka naye. Jioni yake Hamdhoon alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Alinikalisha jikoni, sufuria likiwa motoni, akanishika mikono yote miwili.

"Zeena, chini kumetulia."

"Kumetulia nini?"

"Kila kitu! Huku juu mawimbi yanakurusha, unataka kufa. Ukishuka kidogo, basi. Kimya. Tumbo langu lilinyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Sijawahi kutulia hivyo tangu nizaliwe, wallahi."

"Hata hapa na mimi hujatulia?"

Akacheka, akafunua sufuria kutazama kuna nini. Nilipaonea wivu mahali pale chini ya maji, siwafichi. Angekuwa mwanamke mwenzangu ningejua pa kumshika.

Akasomea uzamiaji, akawa kiongozi wa wageni, na wageni walimgombania. Kwa nini? Kwa sababu wengi wao nao walilewa bahari, na walikuwa wanaona aibu. Hamdhoon aliwaona toka gatini, kabla boti haijang'oa nanga. Akawapa kipande cha tangawizi cha kutafuna. Akawakataza kukaa karibu na moshi wa injini, akawakataza kuinamia simu, akawaambia watazame pale mbingu inapokutana na maji na wasipepese. Wasije na tumbo tupu, wasije wameshiba. "Ukizidiwa ukiwa majini," alikuwa anasema, "usitoe kitu cha hewa mdomoni. Kishike kwa mkono, utapike humo humo. Samaki watakuombea dua." Wanacheka, hofu inapungua. Halafu yeye mwenyewe anafungua ndoo yake mbele yao bila haya, anamaliza shughuli, anaruka wa kwanza.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo mimi peke yangu nililijua vizuri. Hamdhoon akikanyaga nchi kavu, njaa inamshika hapo hapo. Boti haijafungwa kamba, sauti yake inakuja juu ya maji, "Zeena! Kuna nini leo?" Nilikuwa nikimngoja gatini na Lamha, binti yetu, namjibu kwa kelele mbele ya watu wote: mchuzi wa jodari, wali, ndimu na pilipili. Watu walikuwa wanatucheka. Miaka yote hiyo hakuna hata siku moja aliyofika bila kuuliza.

Siku ya balaa ilikuwa ya mawimbi. Alikuwa ameshazamia mara mbili. Boti inataka kurudi, mgeni mmoja akaanza kulia kwamba kamera yake imeanguka mwambani. Sobah akamwambia mume wangu, "Ndoo, shuka mara moja uichukue, mgeni atatuharibia jina." Akashuka haraka, akapanda haraka kuliko inavyotakiwa. Haya niliambiwa baadaye, na hao hao waliokuwepo. Alipopanda botini akaanguka magoti, akatapika. Akasema sikio linapiga filimbi. Akasema dunia inazunguka.

Wakacheka. "Leo ndoo imejaa mapema!" Ndivyo walivyosema, na wakamsogezea.

Mle botini mlikuwa na sanduku la kijani lenye oksijeni, limewekwa kwa ajili ya mzamiaji aliyepanda vibaya. Sobah huweka tambuu yake juu ya sanduku hilo. Hata siku hiyo tambuu haikuondolewa.

Nilikuwa gatini. Boti ikaja, ikafungwa kamba, watu wakashuka. Kimya. Lamha akaniuliza, "Baba hajaja?" Nikamwona analetwa na wawili, kichwa kimelala upande, macho yanakwenda na kurudi. Nikapiga kelele mwenyewe, "Hamdhoon! Kuna mchuzi!" Hakunitazama. Walipomwachia, alikumbatia mti wa gati kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

"Huyu anaumwa," nikasema.

"Ah, shemeji," Sobah akasema, "si Ndoo wetu huyu? Amelewa tu, bahari ilikuwa chafu. Alale, kesho mzima."

"Hajaniuliza chakula."

"Nini?"

"Hajaniuliza chakula, Sobah! Washa boti, apelekwe kwenye chemba."

Chemba iko kisiwa kingine, mwendo mrefu. Ni pipa kubwa la chuma ambamo mzamiaji aliyepanda vibaya hufungiwa, hewa ikabanwa, mpaka mwili wake ukae sawa. Sobah aliwatazama wenzake. Mmoja alificha kicheko. Nani awashe boti bahari imechafuka eti kwa sababu mume wa mtu hana njaa? Tukaenda zahanati. Bwana wa zamu aliuliza, "Ni yule wa ndoo?" Akamchoma sindano ya kuzuia kutapika. Nikamweleza tena, nikamshika mpaka kanzu. Akaniambia, "Dada, tulia. Mumeo anajulikana."

Anajulikana. Hilo neno sitalisahau mpaka naingia kaburini. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mguu uliooza haukuwa wa aliyedharau.

Asubuhi alishindwa kusimama. Hapo ndipo Sobah alipoona, akawasha boti bila kuambiwa. Kule kwenye chemba daktari alimpima, akamfungia mle ndani, akamtoa, akamrudisha tena na tena. Kisha akaniita pembeni. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kinachomwambia mtu hapa ni juu, hapa ni chini. Cha Hamdhoon kimeharibika, na sikio la kulia halitasikia tena. "Mngekuja jana," akasema. Nilimwangalia Sobah. Aliinamisha kichwa, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kumtukana.

Basi tukarudi naye. Mume wangu ambaye bahari ilimshinda sasa ameshindwa na nchi kavu. Anatembea kwa kushika ukuta. Anakwenda chooni kama mtu aliye ndani ya chombo wakati wa dhoruba, na sakafu yetu ni saruji tupu. Akigeuza shingo ghafla, anatapika. Siku moja Lamha alikuwa anajibembeza kwenye pembea barazani, baba yake anamtazama tu kutoka mlangoni, akatapika kwa kutazama. Nikaishusha pembea siku ile ile. Ilikuwa ya mama yangu, Mungu amrehemu. Lamha alilia, nikamfokea, kisha nikalia mimi.

Sobah alileta vitu vya mume wangu: miwani ya kuzamia, viatu vya mapezi, na ile ndoo nyekundu yenye jina. Niliinyakua nikamtupia, ikampiga begani. "Toka nayo!" Akaiacha pale njiani akaondoka akifuta machozi. Lakini jioni nilitoka nikaiokota. Niliihitaji. Ipo pembeni ya kitanda hadi leo.

Pamoja na yote hayo Hamdhoon alikuwa na kitu kimoja alichokishika, na ndicho kilichokuwa kinamfanya afungue macho asubuhi.

"Ni huku juu tu, Zeena," alikuwa ananiambia. "Toka utoto wangu huku juu kunanisumbua. Nikishuka majini patatulia."

"Daktari amekukataza mtungi maisha yako yote."

"Nani anataka mtungi? Maji ya kiunoni yananitosha. Niingize uso tu. Daktari anajua nini, yeye amewahi kulewa?"

Nikawa namwambia kesho. Leo maji yamekupwa, leo kuna upepo, leo nina nguo za kufua. Alidhani naogopa atazama. Sikuogopa hilo. Niliogopa akienda atajua. Mradi hajaenda, palikuwepo mahali pake mahali fulani, na mtu mwenye mahali pake hufungua macho asubuhi.

Jana nilikuwa naosha vyombo, Lamha yuko shule. Niliporudi chumbani kitanda kilikuwa kitupu. Nikakimbilia ufukweni, nikaona fimbo yake imelala mchangani. Yeye alikuwa majini, kwenye maji yaliyotulia kama ya bakuli, amekumbatia nguzo ya gati la zamani kwa mkono mmoja. Alikuwa amevaa miwani ya kuogelea ya Lamha, ile ya waridi, mpira umembana masikio. Uso ulikuwa ndani ya maji.

Ningeweza kumvuta. Sikumvuta. Niliingia na gauni langu mpaka nikamfikia, nikasimama nyuma yake, nikaomba. Ya Rabi, huku tu. Huku chini tu mwachie.

Alikaa mpaka pumzi ikamwisha. Akainuka, maji yanamtoka puani, akanitafuta kwa macho.

"Eh?" nikamwuliza. "Pametulia?"

"Pametulia, Zeena," akasema, akatabasamu.

Kisha akanyoosha mkono kushika tena nguzo, akaikosa, mkono ukaenda upande mwingine kabisa. Nilimdaka. Akanitapikia kifuani, juu ya gauni, nami nikazidi kumkumbatia. Tulikaa vile vile majini. Halafu akasema kwa sauti ndogo, mdomo ukiwa shingoni kwangu, "Hata huku. Hata huku panazunguka."

Nilimvua miwani. Nikamnawisha uso, nikaupitisha mkono wake begani kwangu, tukaanza kurudi, hatua moja tunasimama, hatua moja tunasimama.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Kuna mchuzi."

Hakuniuliza mchuzi wa nini.