Wiki Niliyopima Nyumba za Watu

Naikumbuka vizuri Jumanne ile niliyoanza kupita nyumba kwa nyumba, daftari kwapani na futikamba mkononi, nikiamini kabisa kwamba nawasaidia watu.

Mwanangu, mama yako ameniambia umejiunga na vijana wanaojitolea huko Kagongwa, na kwamba mnataka kumfuata mtendaji kuhusu mtaro unaofurika. Ameniomba nikushauri. Nimekuzidi miaka tisa tu, na sijioni mtu mzima wa kutoa nasaha. Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Lakini mimi ni mama yako mdogo, na kosa langu nalijua kuliko mtu mwingine yeyote. Acha nikupe hilo.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kijijini kwetu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Runzewe, nikisubiri kazi ambayo haikuwa na haraka na mimi. Chini ya kijiji, bondeni, kuna kisima. Juu yake, kwenye mteremko, wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba mialo mitatu, yale mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Kila mvua iliponyesha, maji ya mialo yaliteremka hadi kwenye kisima.

Mama Kulwa ndiye anayekaa karibu zaidi na kisima hicho. Wanawake wanane walikuwa wakikisafisha pamoja naye kila Jumamosi bila kulipwa na mtu, na mjukuu wake mchanga alikuwa anaogeshwa kwa maji hayo hayo. Alitaka jambo moja tu: mkutano mkuu wa kijiji uamue mialo ihamishiwe upande wa pili wa kilima. Mwenyekiti alikubali kuliweka kwenye ajenda.

"Wewe umesoma," Mama Kulwa aliniambia. "Pita kwa watu, waeleze shida ya kisima, waje wapige kura."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Mtu mwingine angeimaliza kwa siku mbili. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kuwaza. Je, mwenyekiti akiuliza ni kaya ngapi zinaathirika? Je, wenye mialo wakisema kisima kiko mbali? Je, nikiulizwa swali nikakosa jibu mbele ya kijiji kizima? Nikaazima futikamba ndefu ya fundi ujenzi. Nikapita kila nyumba, nikaandika jina la mwenye nyumba, idadi ya watu na umbali hadi kwenye mwalo. Watu walipouliza ni za nini, nilijibu, "Taarifa za awali tu, mtaelezwa mkutanoni." Niliogopa kuanza kueleza nikaeleza vibaya.

Wewe umekulia kwenye mpunga, pengine hujui. Huku kwenye dhahabu, mtu akija na daftari akapima nyumba, watu wanaelewa jambo moja: kampuni inataka eneo, na wenyeji watalipwa fidia ili wahame. Fidia huangalia kila kilichosimama juu ya ardhi. Kwa hiyo watu hujenga haraka haraka vibanda vya kumsubiri mthamini, wanaviita tegesha, na kupanda miche mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mimi nilizaliwa hapa. Nilijua yote hayo. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa maswali ya mwenyekiti, hakikubaki na nafasi ya kujiuliza watu wananionaje.

Wiki ile nilipendwa mno. Nilipewa chai, karanga, hata kuku. Mzee Masanja, jirani yetu, alinifuata hadi barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Na zizi umeliandika?"

"Zizi halina mtu anayelala humo, mzee."

"Lina ng'ombe. Andika."

Nikaandika. Niliona hata vibanda vikiota huku na kule, nikafikiri watu wamepata mavuno mazuri. Usicheke sana.

Siku ya mkutano watu walifurika hadi nje ya uwanja wa ofisi ya kijiji. Mama Kulwa alinishika mkono kwa furaha. Mwenyekiti akasoma hoja: mialo ihamishwe. Mzee Masanja akasimama.

"Mwenyekiti, mialo ikiondoka, kampuni itakuja kufuata nini?"

"Kampuni gani?"

"Hiyo ya huyu binti aliyetupima."

"Mimi sina habari ya kampuni yoyote."

"Acha hizo, mwenyekiti!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Huna habari, na tegesha yako ina milango mitatu?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa na barua ya kurasa sita mkononi niliyomwandikia mwenyekiti, yenye vipimo vyote. Nilipaswa kusimama wakati ule ule na kusema hakuna kampuni. Nilitafuta sentensi ya kuanzia. Niliipata, nikaiona haifai, nikatafuta nyingine, na mwenyekiti akaitisha kura. Walioinua mikono walikuwa Mama Kulwa, wanawake wake wanane, na mimi. Mialo ikabaki.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Mama Kulwa kisimani. Alikuwa anachota, hakuacha.

"Nilikutuma mdomo," alisema, "ukapeleka futi."

"Niliogopa kusema vibaya, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Sasa wamesikia nini?"

Akaijaza ndoo yake hadi juu.

"Basi rudi. Mlango kwa mlango, kama ulivyokwenda. Na hilo daftari uliache kwa mama yako."

Nilirudi. Wengine walinicheka: "Vipi, kampuni imefilisika?" Wengine walifunga mlango. Mzee Masanja alikuwa ameuza mbuzi wawili akanunua mabati ya kibanda chake. Nilimwambia ukweli nikiwa nimesimama uani, kabla hajanikaribisha, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka.

"Kwa hiyo hakuna anayekuja?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa mimi tu, kwa ajili ya kisima."

Mzee akanyoosha kidole kwenye paa la kibanda. "Panda. Uyashushe."

Nilipanda. Tuliyashusha yote, na misumari akaichukua mmoja mmoja.

Mwenyekiti hakuirudisha hoja hadi mkutano mkuu uliofuata, baada ya miezi mitatu, na katikati mvua zikaanza. Maji yaliteremka kama kawaida. Mama Kulwa alikuwa akitembea na ndoo hadi bomba la shuleni ili tu yule mtoto aogeshwe maji safi. Alinipita njiani mara nyingi. Hakunilaumu tena, na mimi ningeona afadhali anilaumu.

Mkutano wa pili ulikuwa na watu wachache, wengi wamenuna. Safari hii nilisimama kabla sijawa tayari. Nilisema kwa Kisukuma, sauti ikitetemeka: hakuna fidia, hakuna kampuni, kosa ni langu, na maji ya mialo yanaingia kwenye kisima tunachochota maji ya kunywa. Sikusema zaidi ya hapo. Mzee Masanja hakuniangalia, lakini aliinua mkono, na nyuma yake wakainua wengine. Hoja ikapita kwa tofauti ya mikono michache.

Mialo miwili imehamishwa. Wa tatu bado upo, mwenyewe anasema wiki ijayo, wiki ijayo. Mvua ikianza huwa nakwenda kuutazama. Na Mzee Masanja, nikimwamkia, huitikia marahaba akiwa ameshageuka.

Ndiyo maana nakuambia hivi, mwanangu. Ukienda kwa watu, sema unachotaka kabla hujakaa kwenye kiti walichokupa. Waambie pia usichowaletea, kwa sababu wana matumaini yao na watayaweka juu yako ukinyamaza. Vipimo na barua vina siku yake, lakini mtu aliyeeleweshwa atakuja mkutanoni hata barua ikipotea. Utakosea, mimi bado nakosea. Ukikosea usimtume mwenzako akusafishie, nenda mwenyewe, na uende mapema, maana kuna watu wanaobeba maji wakati wewe unatafuta maneno.

Mungu akupe ujasiri wa kusema ungali unatetemeka, akupe na wakubwa wa kukurudisha njiani bila kukuacha, na kazi ya mikono yenu iwafae hata wale watakaowakasirikia.

Mama yako mdogo.