Maiki Niliyoisahau Mezani

Tangu harusi ya Jumamosi nimezima simu. Mimi ndiye fundi mitambo wa kanisa letu hapa Downsview, na studio yangu ni kabati la makoti ya baridi. Mama Neema alijifungia humo kurekodi wimbo wa harusi ya bintiye. Nikamrekodi kwa stereo, yaani sauti ya njia mbili, maana mono ya njia moja niliiona ya washamba. Kumbe stereo ilinasa maiki mbili: yake kushoto, na kulia ile niliyoisahau mezani kwangu, nje ya kabati, ikiwa imewashwa. Nami nilipoukagua wimbo nilisikiliza kwa sikio la kushoto tu, kwa mbwembwe za ma-DJ.

Ukumbini, spika za kushoto zilitoa sauti ya Mama Neema. Za kulia zikatoa yangu, nikimwambia mke wangu: "Mchemshie chai mama wa watu. Sauti hana, lakini mashine itamfichia aibu."

Mama Neema alikuwa ameketi kulia.