Suruali ya Teke
Fundi cherehani hutazama filamu zake kuukuu za kungfu bila sauti, pini zikiwa mdomoni. Mwanamke wa kwenye filamu akiruka na kumbwaga pandikizi la jambazi kwa teke moja, fundi husimamisha picha na kuikagua suruali ya mwanamke huyo. "Haijachanika," husema, taratibu, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.

Leo mpwa wake, anayeanza kazi ya ulinzi kesho, alifuata sare yake.

"Shangazi, nipe tu, nimechelewa."

"Ngoja niijaribu suruali."

Viuno vyao vinalingana. Shangazi, na goti lake bovu, akaivaa, akavuta pumzi. Mguu ukapanda hadi usawa wa kalenda ukutani, ukatulia pale bila kutetemeka. Mpwa alisahau haraka zake zote.

"Haijachanika," alinong'ona mpwa.