Koti la Mabegani

Kila jioni Ubaldo Tessitore, karani mstaafu wa posta, alikatiza uwanja wa mji wetu, huku Abruzzo, Italia, koti likiwa limetandikwa mabegani na mikono ya koti ikining'inia mitupu. Ni mtindo wa wanaume wa kwetu tangu enzi za mababu. Ubaldo alikuwa na sababu ya ziada: koti halikumwingia tena.

Fundi Gesualdo, rafiki yake tangu utotoni, ndiye aliyelishona, na angelipanua kwa furaha. Tatizo, kupanua kunaanza na kupima kiuno, na Ubaldo alikwisha kuwaapia watu kwamba mwili wake haujabadilika tangu alipotoka jeshini. Mkahawani walimuuliza, "Mzee, hiyo mikono ya koti umewawekea wageni?" Naye alijibu kwamba anayeingiza mikono kwenye koti ni mwenye haraka.

Kisha Gesualdo akafa. Kwetu hakuna anayebeba jeneza akiwa na shati tupu, na koti la kutandikwa tu mabegani huanguka mara jeneza linapoinuliwa. Kubeba na shati tupu kungekuwa kama kuhamisha kabati. Ubaldo alijifungia chumbani kulijaribu koti. Likakwama kwenye viwiko. Angeweza kuazima jingine, lakini mwenye kuazima huulizwa kisa.

Mjane, Assuntina, alimfuata mlangoni.

"Shemeji, mbele kulia ni pako. Marehemu mwenyewe alisema hivyo."

"Bega, shemeji," Ubaldo alisema. "Haliinuki."

Assuntina hakumbembeleza. Nafasi ile ikachukuliwa na mfamasia, mfupi kuliko wenzake wote, hivyo Gesualdo, aliyenyoosha mabega ya makoti ya nusu ya mji, akaenda kanisani ameinamia upande mmoja. Ubaldo alifuata nyuma, koti limemkaa mabegani vizuri kabisa. Watu walimpisha, wakamwambia pole kwa bega.

Baada ya maziko Assuntina alifika kwake na kichupa cha dawa ya kuchua. Akamwambia avue shati, aache aibu, wao si watoto. Tumbo lote likawa nje. Assuntina hakulitazama, alikuwa akitafuta penye maumivu.

"Hapa?"

"Hapo."

"Nilijua lazima maumivu ni makubwa," alisema, akikanda kwa viganja vyote viwili. "Wewe usingemwacha rafiki yako hivihivi."

Ubaldo alifungua mdomo aseme kweli. Assuntina akadhani amemuumiza, akaomba radhi, akaendelea taratibu zaidi.